Sura ya 5: Giaboksi ya Trekta na Kazi Inayoisubiri

Giaboksi ndiyo inayoamua nguvu ya injini ifikeje kwenye magurudumu: kwa mwendo wa haraka wenye mvuto mdogo, au kwa mwendo wa pole wenye mvuto mkubwa. Injini ya dizeli ya trekta hufanya kazi vizuri katika mizunguko ya kati tu, takriban 1,400 hadi 2,200 kwa dakika, ilhali kazi zinazoisubiri hutaka mwendo wa kuanzia kilomita moja kwa saa hadi thelathini. Pengo hilo huzibwa na gia. Ndiyo maana matrekta mawili yenye injini ileile ya nguvu za farasi 75 huweza kupishana sana shambani: moja lina gia inayolingana na jembe lake, jingine linakosa gia hiyo na kubaki ama linanguruma bure, ama linazimika.

Anayefanyia kazi Kamenge, kaskazini mwa Bujumbura, ana ardhi za aina mbili mbele yake. Upande mmoja ni bonde la Imbo, tambarare ya Rusizi yenye joto, mifereji na udongo ambao sehemu nyingi ni mzito na wa kunata; huko ndiko kuna mpunga wa Gihanga na Mpanda, unaosimamiwa na shirika la SRDI. Upande wa pili ni mlima. Barabara ya Bugarama hupanda kutoka mita zipatazo 800 juu ya bahari hadi zaidi ya 2,000 katika umbali wa kilomita kama 35. Kule juu mashamba ni vipande vidogo vilivyolala kwenye miteremko, na jembe la mkono bado ndilo linalotawala. Trekta likipanda huko kwa kawaida huwa linavuta tela. Trekta moja la kukodisha linaweza kutakiwa Gihanga Jumatatu, likavuruga tope, na mlimani Alhamisi, likiteremsha mzigo. Giaboksi inayofaa kazi ya kwanza huweza kuwa hatari katika ya pili.

Mwendo wa kila kazi

Kukatua kwa jembe la sahani hufanyika kwa kilomita 5 hadi 8 kwa saa. Haro huenda 6 hadi 10, mashine ya kupandia 5 hadi 8. Rotaveta, mashine ya visu vinavyozunguka, hutaka 2 hadi 4, na kwenye tope la mpunga hata chini ya hapo. Tela barabarani huenda 20 hadi 30. Kwa hiyo kazi nyingi za kuvuta zimebanana kati ya kilomita 4 na 12 kwa saa, na hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kuhesabu gia. Jumla ya gia iliyoandikwa ubavuni mwa trekta haimwambii kitu akiwa hajui ngapi kati yake zinaangukia humo.

Ichukuliwe giaboksi ya gia nane ambayo, injini ikiwa kwenye mizunguko kamili, hutoa kilomita 2, 3.5, 5, 7, 9, 13, 20 na 28 kwa saa. Ndani ya eneo la kazi zimo tatu tu: 5, 7 na 9. Udongo ukiwa mzito mno kwa 7, dereva hana budi kushuka hadi 5, na zaidi ya robo ya kazi ya siku imekwenda. Trekta lingekuwa na gia ya kilomita 6 katikati, nusu ya hasara hiyo isingekuwapo. Giaboksi ya gia kumi na mbili inaweza kuleta nafuu hiyo. Inaweza pia kuongeza gia za kutambaa na za barabarani pekee, ikawaacha wakulima walewale na zilezile tatu. Jedwali la mwendo, ambalo hubandikwa karibu na kiti au kuchapishwa kwenye kitabu cha trekta, ni la kusomwa kabla ya bei.

Gia za kutambaa zina mtego wake. Zimewekwa kwa ajili ya kupandikiza, kuchimba mitaro na kazi nyingine zinazotaka mwendo wa pole bila kuvuta sana. Kadiri mwendo unavyopungua, ndivyo msokoto unaofika kwenye difrensha na ekseli unavyokuwa mkubwa, na trekta lililoongezwa uzito likikokota jembe zito katika gia ya kutambaa huvunja meno ya gia za mwisho. Kwenye tope magurudumu huteleza mapema na kuiokoa giaboksi. Kwenye udongo mkavu wa Julai hayatelezi.

Giaboksi za mkono

Katika gereji za Bujumbura, ambako Kifaransa kimeacha maneno mengi, gia ni vitesi, na fundi akisema vitesi zinalia huwa anazungumzia aina ya zamani zaidi: gia za kuteleza. Humo dereva husogeza gia yenyewe hadi meno yake yaingiane na ya mwenzake. Trekta lazima lisimame kabisa. Akiharakisha, meno hugongana. Ni giaboksi rahisi kutengeneza na ngumu kuitunza mikononi mwa dereva wa kibarua.

Aina iliyoifuata huweka gia zote zikiwa zimekwisha kuingiana. Kinachosogezwa ni kola ndogo inayoifunga gia moja kwenye shafti. Ferguson TE20, lililoundwa Coventry kuanzia 1946 hadi 1956, lilikuwa na giaboksi ya namna hii yenye gia nne za mbele na moja ya nyuma. Massey Ferguson 135, lililoanza kutoka mwaka 1964, lilizidisha gia kwa njia nyingine: gia tatu za mbele na moja ya nyuma hupitia kwenye seti ya sayari yenye hatua mbili, ya pole na ya haraka, zikawa sita na mbili. MF 240 lina nne mara mbili, yaani nane na mbili. Miundo hii ya Kiingereza haikufa. Millat Tractors ya Lahore na TAFE ya Chennai zimeendelea kutoa matrekta ya ukoo wa Massey Ferguson, na ndiyo sababu gia, sili na beringi zake hupatikana Afrika Mashariki kwa urahisi ambao mashine mpya zaidi hazina.

Hatua ya tatu ni sinkromeshi. Kati ya kola na gia huwekwa pete ya msuguano inayosawazisha mizunguko kabla meno hayajakutana, hivyo gia hubadilishwa trekta likiwa linakwenda. Shambani faida yake ni ndogo, kwa kuwa trekta linalokokota jembe husimama mara tu klachi inapokanyagwa, udongo haungojei. Faida kubwa iko barabarani, tela likiwa nyuma na kilima kikiwa mbele. Mwenye kazi ya usafirishaji asinunue trekta lisilo na sinkromeshi walau katika gia za juu. Anayelima tu hana haja ya kuilipia.

Hesabu ya kugeuza

Majaruba ya mpunga ni mafupi, na jambo hili hubadilisha thamani ya vitu vyote. Rotaveta ya mita 2 ikifanya kazi kwenye jaruba la urefu wa mita 50, hekta moja hutaka mapito 100. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa kila pito huchukua sekunde 45, na mapito yote pamoja dakika 75. Lakini kila pito huisha kwenye tuta, na kwenye tuta dereva hana nafasi ya kuzunguka: husimama, hurudi nyuma, hupanga trekta upya, huingia tena. Rivasi ikiwa ndani ya giaboksi ya kawaida, pengine imefichwa mbali na gia ya kazi, kugeuza kunaweza kuchukua sekunde 30, yaani dakika 50 kwa kila hekta, na ndani ya dakika hizo haulimwi udongo wowote. Trekta lenye mpini wa mbele-nyuma, ule unaokaa upande wa kushoto wa usukani na kubadilisha mwelekeo bila kugusa gia, linaweza kuokoa sekunde 10 kila mara. Hizo ni karibu dakika 17 kwa hekta.

Katika shamba la urefu wa mita 300, mapito ya hekta ileile ni 17 tu, na mpini huo huokoa dakika tatu. Hapa ndipo ushauri ulioandikwa kwa mashamba ya Ulaya unapompotosha mkulima wa Imbo. Mkulima wa Ulaya hulipia gia nyingi za mbele kwa sababu trekta lake linakwenda mbele kutwa. Kwa jaruba dogo, pesa ya gia za ziada ingeelekezwa kwenye rivasi nzuri, tena rivasi yenye gia zaidi ya mbili.

Mpini huo una aina mbili. Ule wa sinkromeshi hutaka klachi ikanyagwe kila mara. Ule wa haidroliki hutumia klachi za sahani zilizozama kwenye oili, na mguu haufanyi kazi. Tofauti huonekana kwenye klachi: hekta moja ya majaruba ya mita 50 ina mikanyagio isiyopungua 200, na klachi kavu hulika kwa mikanyagio na kwa dereva anayeacha mguu juu ya pedali. Klachi za ndani ya oili hudumu zaidi, ila oili ikichafuka zinaungua zote kwa pamoja.

PTO na klachi yake

PTO, shafti inayochomoza nyuma ya trekta na kuzungusha rotaveta, pampu au mashine ya kupura, huhesabiwa kuwa kitu mbali na giaboksi, na wanunuzi wengi hawaiulizii. Ni kosa. Katika matrekta ya zamani yenye klachi moja, pedali ikikanyagwa magurudumu husimama na PTO pia husimama. Katika Ferguson TE20 hata pampu ya haidroliki iliendeshwa na shafti hiyohiyo, kwa hiyo aliyekanyaga klachi hakuweza kuinua jembe. Rotaveta ikisongwa na majani, kinachotakiwa ni magurudumu yasimame na visu viendelee kuzunguka ili vijisafishe. Trekta la klachi moja hufanya kinyume.

Dawa ya kwanza ilikuwa klachi mbili kwenye pedali moja. Pedali ikishuka nusu, magurudumu husimama. Ikishuka mpaka chini, PTO nayo husimama. MF 135 lilitoka likiwa na ama klachi moja ama mbili, na kwa nje hayatofautiani sana, jambo la kukumbukwa na anayenunua mkweche. Dawa kamili ni PTO inayojitegemea, yenye klachi na mpini wake. Kwa kazi ya rotaveta kwenye mpunga hiki ndicho kipengele cha kwanza kutafutwa, kabla ya idadi ya gia.

PTO nyingi hutoa mizunguko 540 kwa dakika injini ikiwa katika mzunguko maalumu ulioandikwa kitabuni. Kwa hiyo dereva wa rotaveta hana ruhusa ya kupunguza mwendo kwa kupunguza mafuta, maana visu navyo vitapungua. Ni lazima apate mwendo kutoka kwenye gia pekee. Giaboksi ambayo gia yake ya kwanza inakwenda kilomita 3.5 injini ikiwa kwenye mzunguko huo haifai kwa tope zito, hata sifa zake nyingine ziwe nzuri kiasi gani.

Mlimani, na gia inayoteleza

Wanaoijua barabara ya Bugarama wanajua jinsi waendesha baiskeli wanavyoning'inia nyuma ya malori yanayopanda, kisha wakashuka na ndizi kwa kasi ya kutisha. Trekta lenye tela kwenye mteremko kama huo linategemea injini ilizuie, kwa sababu breki za trekta, na za tela kama zipo, hupata moto na kulegea. Injini huzuia tu ikiwa imefungamana na magurudumu.

Mwaka 1962 Massey Ferguson ilileta Multi-Power, swichi ndogo iliyompa dereva hatua ya ziada ya takriban asilimia 30 bila kukanyaga klachi. Kwa kulima ilikuwa neema: udongo ukigeuka mzito katikati ya shamba, dereva hushusha, akaupita, akapandisha. Lakini katika hatua ya chini nguvu hupita kwenye kifaa kinachoshika upande mmoja tu, kama gurudumu la nyuma la baiskeli. Magurudumu yakitaka kwenda mbio kuliko injini, kifaa huachia, na trekta hushuka kama lililotolewa gia. Dereva asiyeambiwa hufanya lile ambalo akili ya kawaida inamwamuru: anaona mteremko, anaweka hatua ya chini. Kwenye Multi-Power mteremko hushukwa katika hatua ya juu, gia kuu ikiwa imeshachaguliwa ndogo kabla ya kuanza kushuka. Matrekta ya namna hiyo bado yapo barabarani Afrika Mashariki, mengi yakiwa na swichi iliyofutika maandishi.

Kanuni hiyo ya kuchagua gia kabla ya mteremko inahusu giaboksi zote za mkono. Anayekanyaga klachi katikati ya mteremko ili ashushe gia ameachia breki iliyo bora kuliko zote alizonazo.

Pawashifti, haidrostatiki na zisizo na hatua

Pawashifti hubadilisha gia trekta likiwa kazini bila kukata nguvu, kwa klachi za oili zinazopokezana. Ford ilijaribu mapema kwa Select-O-Speed ya 1959, ambayo matoleo yake ya mwanzo yalisumbua sana. John Deere ikafuata na Power Shift kwenye trekta 4020 mwaka 1963, iliyojijengea jina zuri. Ziko pia pawashifti nusu, zenye hatua mbili hadi nne ndani ya kila gia. Kwa mashamba makubwa ya miwa au mahindi, ambako trekta la farasi 120 na zaidi huvuta mzigo mzito kutwa nzima, pawashifti hurudisha gharama yake. Kwa trekta la farasi 50 kwenye nusu hekta, ni mapambo ya bei.

Giaboksi ya haidrostatiki haina gia za mwendo kabisa: injini huzungusha pampu, pampu husukuma oili kwenye mota, mota huzungusha magurudumu. Pedali moja huamua mwendo na mwelekeo. Kwa kupakia kwa koleo la mbele, kukata nyasi za viwanja, au kazi yoyote ya mbele-nyuma isiyo na mzigo mkubwa, hakuna inayoishinda. Kwa kulima haifai. Hata katika hali nzuri oili hupoteza takriban sehemu moja ya tano ya nguvu, ambayo hugeuka joto, na Imbo haina upungufu wa joto. Katika miaka hii ambayo Burundi imepanga foleni ya mafuta, kila lita inayoishia kupasha oili moto ina uchungu wake.

Fendt ilionyesha Vario mwaka 1995: sehemu ya nguvu hupita kwenye oili, sehemu kwenye gia za chuma, na mwendo huongezeka pole pole bila hatua yoyote. Ufanisi wake ni wa juu kuliko wa haidrostatiki tupu, na dereva anaweza kuagiza mwendo wa kilomita 2.7 akaupata uleule. Huo ndio ufumbuzi kamili wa tatizo la gia tatu lililoelezwa mwanzoni. Kinachoizuia Vario isifae Kamenge ni kwamba ikisimama, husimamishwa na kihisio au programu, na kompyuta ya kuisoma na fundi wa kuitumia vinaweza kuwa mamia ya kilomita na mpaka mmoja mbali. Msimu wa kukatua hausubiri wiki tatu.

Pawatila

Wengi wa wenye mashamba madogo hawatanunua trekta la magurudumu manne. Pawatila, iliyosambaa sana Tanzania katika kipindi cha Kilimo Kwanza kilichoanza 2009, ina injini ya silinda moja ya farasi 12 hadi 16, mikanda ya mpira kati ya injini na giaboksi, na kwa kawaida gia sita za mbele na mbili za nyuma. Ilifaulu kwenye majaruba yaliyolowa. Kwenye ardhi kavu na ngumu ilishindwa, na lawama zikaenda kwa injini, ingawa tatizo lilikuwa uzito: gia ya chini hutoa mvuto wa kutosha, lakini mashine nyepesi huteleza kabla mvuto huo haujafika ardhini. Mkanda unaoteleza, kwa upande mwingine, ni kinga ya bei nafuu. Hukatika wenyewe badala ya shafti.

Pawatila hugeuzwa kwa kubana klachi ya gurudumu la upande unaotakiwa. Kwenye tambarare klachi ya kushoto huipeleka kushoto. Kwenye mteremko, tela likiisukuma na injini ikiizuia, gurudumu lililoachiwa ndilo huenda mbio zaidi, na mashine hugeukia kulia. Dereva aliyejifunzia Gihanga hana njia ya kulijua hili mpaka siku ya kwanza ya mteremko.

Oili na trekta lililotumika

Giaboksi ya mkono husamehe oili ya kawaida ya gia. Zenye klachi za ndani, mpini wa haidroliki au breki za ndani ya oili hutaka oili moja maalumu inayohudumia gia, klachi, breki na haidroliki kwa pamoja. Ikichanganywa na oili nzito ya gia, klachi huteleza na breki hupiga kelele. Anayechagua giaboksi anachagua pia oili ambayo lazima aipate kila mwaka, na chujio lake.

Kwa mpunga, adui ni maji. Sili za ekseli zikichoka, maji ya jaruba huingia na oili hugeuka rangi ya maziwa. Kwa hiyo ukaguzi wa trekta lililotumika huanzia kwenye kijiti cha oili, kisha nati ya chini ya giaboksi: unga laini wa chuma ni wa kawaida, vipande vyenye ncha si vya kawaida. Trekta lipelekwe kwenye kilima likiwa na mzigo, katika kila gia, dereva akiachia mafuta ghafla. Gia inayoruka na kurudi huru imekwisha meno au uma wake umepinda. Mlio unaopanda na mwendo katika gia zote kwa kawaida ni wa beringi. Ule wa gia moja ni wa gia hiyo. PTO ijaribiwe pedali ikiwa nusu, na kama trekta lina Multi-Power, swichi igeuzwe mara kadhaa likiwa limebeba mzigo: hatua ya juu inayoteleza ina maana ya klachi ya ndani iliyokwisha, na trekta lote litapasuliwa katikati ili kuifikia.